Lobelia ya Teleki: Ua la Mara Moja Tu

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, ukishapita mianzi, utafika mahali ambapo mchana jua huchoma na usiku maji huganda. Huko, juu ya mita 3,500, kwenye miteremko mikavu ya mawe, ndiko iotako lobelia ya Teleki. Haipatikani ila kwenye milima michache tu, kama Elgon na Nyandarua. Teleki alikuwa mgeni kutoka Hungaria aliyeupanda mlima wetu mwaka wa 1887.

Kwa mbali utadhani ni mnyama amesimama wima, maana imejaa manyoya ya kijivu! Kumbe maua yenyewe ni madogo, ya buluu, yamejificha humo yasiumwe na baridi. Ndege chozi ndiye ajuaye mlango.

Lobelia nyingine, ile ikaayo penye majimaji, huchanua tena na tena. Hii ya Teleki sivyo. Hukaa miaka 40 hata zaidi ikiwa fungu la majani chini, ikijiwekea akiba. Kisha husimamisha mkungu mmoja tu, mrefu kuliko mtu, humwaga mbegu maelfu, halafu hufa kabisa. Basi mpanda mlima anayekata mmoja apigie picha amekata mmea ambao pengine ulianza kuota kabla mwalimu wetu wa jiografia hajazaliwa, na mbegu zake bado hazijadondoka.