Jembe, Gitaa na Siasa: Wajibu wa Mwanamuziki Mwanaharakati katika Shinyanga na Geita

Katika madarasa ya itikadi huulizwa swali hili mara kwa mara: mwanamuziki anapoingia katika harakati za siasa, je, anaisaidia siasa au anaiharibu sanaa yake? Swali hili si dogo. Likijibiwa vibaya, Chama hupoteza mmoja wa walimu wake wakubwa, na wananchi hupoteza sauti yao. Makala hii inakusudia kulieleza jambo hilo kwa kutumia historia ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa sababu huko wimbo na siasa vimekaa nyumba moja kwa muda mrefu.

Vijana wengi wakitajiwa mwanamuziki mwanaharakati humfikiria mpiga gitaa la umeme wa Ulaya au Marekani. Ni kweli kwamba wanamuziki wa roki wamefanya kazi ya kusifiwa. Mwaka 1976, nchini Uingereza, zilianzishwa harakati za kupinga ubaguzi wa rangi kwa njia ya maonyesho ya muziki wa roki. Mwaka 1985 Mmarekani Steven Van Zandt aliwakusanya wanamuziki wenzake wakarekodi wimbo wa kutangaza kwamba hawatakwenda kupiga muziki Sun City, mahali pa starehe palipojengwa Bophuthatswana, moja ya nchi za bandia za makaburu wa Afrika Kusini. Hao walikuwa wenzetu katika mapambano. Lakini kudhani kwamba wao ndio waliobuni kuchanganya muziki na siasa, na kwamba sisi ni wanafunzi tu, ni kasumba.

Wimbo ulizaliwa kazini

Muziki hauanguki kutoka mbinguni. Ni sehemu ya utamaduni, na utamaduni hutokana na jinsi watu wanavyofanya kazi ili waishi. Usukumani jambo hili linaonekana wazi. Vikundi vya wakulima vililima kwa pamoja, wakiwa wamejipanga mstari, ngoma ikiwapa mwendo na majembe yakipanda na kushuka kwa mapigo yake. Ngoma ya bugobogobo, ambayo leo huchezwa majukwaani huku jembe likirushwa hewani na kudakwa, asili yake ni shamba.

Vikundi hivyo vilikuwa pia vyama vyenye uongozi, nidhamu na uanachama. Vyama vikuu viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hujitambulisha kwa majina ya waasisi wao wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji huenda kule wanakovutiwa. Kundi linalovuta watu wengi ndilo lililoshinda.

Makada wafikiri juu ya utaratibu huo. Ningi, yaani manju mtunzi wa Kisukuma, hateuliwi na mtu wa juu wala halindwi na cheo. Hupigiwa kura kwa miguu. Akiimba yasiyowagusa watu, wanahama, naye anabaki na wapiga ngoma wake. Kwa hiyo, kabla ya vyama vya siasa kuanzishwa nchini, ningi alikuwa amekwisha kuzoea kuwajibika mbele ya umma. Hiyo ndiyo shule iliyomtayarisha kwa siasa.

Wimbo dhidi ya ukoloni

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wake wa maendeleo ya Usukuma. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta kwa kufuata sheria ndogondogo, na wafugaji walilazimishwa kupunguza ng'ombe. Aliyekaidi alitozwa faini. Wakulima wa pamba walijibu kwa kujenga ushirika wao, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, na mwaka 1955 likaandikishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria.

Mwishoni mwa mwaka 1954, miezi michache tu baada ya TANU kuzaliwa, mkoloni alikuwa ameipiga marufuku katika Jimbo la Ziwa. Marufuku hiyo iliendelea hadi mwaka 1958. Hapo ndipo umuhimu wa wimbo ulipoonekana. Mkutano wa hadhara huhitaji kibali, lakini kulima hakuhitaji kibali, wala harusi, wala mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Wimbo hauna ofisi ya kufungwa wala daftari la kukamatwa. Mtu mmoja akiusikia gulioni jioni, kesho yake unalimiwa katika kijiji kingine. Manju wa Usukumani walitunga nyimbo za kumsifu Mwalimu Nyerere na TANU, na jina la Kalikali ni mojawapo ya majina yanayokumbukwa katika kazi hiyo.

Mwaka 1958 wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi ambalo serikali ilitaka kuwapa. Umati wao ulikwenda hadi Mwanza kudai usikilizwe, na polisi wakautawanya. Umoja wa namna ile haukuletwa na hotuba moja. Ulijengwa katika ushirika, katika vikundi vya kulima na katika vyama vya ngoma, mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kuitikia kwa sauti moja. Kwa jirani, huko Tabora, kundi la Hiari ya Moyo la Mzee Mwinamila nalo liliutumikia ujumbe wa TANU kwa ngoma.

Gitaa linaingia

Je, gitaa la umeme ni adui wa utamaduni huu? Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipoanzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, Mwalimu alisikitika kwamba wasomi wetu wengi walijua kucheza rumba, chacha, twisti na roki lakini hawakuzijua ngoma za kwao. Wapo walioielewa hotuba hiyo kuwa ni amri ya kuyatupa magitaa. Hawakuielewa. Kilicholaumiwa pale ni aibu ya kujidharau. Gitaa ni chombo tu, kama jembe. La kuuliza ni nani analishika na anamlimia nani.

Taifa lenyewe lilijibu kwa vitendo. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Mwaka 1971 Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz. Wanamuziki wakawa wafanyakazi wenye mshahara, na magitaa yakaimba Azimio la Arusha. Huko Zimbabwe Thomas Mapfumo alihamishia sauti ya mbira katika magitaa ya umeme akaimba kwa Kishona, na serikali ya walowezi ikamweka kizuizini. Walowezi walielewa upesi kwamba gitaa lile lilikuwa limebadilisha bwana.

Mfano wetu mkubwa ni Dokta Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, nchini Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, na baadaye akaongoza Super Matimila. Remmy aliimba habari za mnyonge bila kumung'unya maneno. Alipotoa wimbo wa Mambo kwa Soksi, wa kuhimiza kinga dhidi ya UKIMWI, Radio Tanzania haikuupiga. Miaka michache baadaye ujumbe uleule ulikuwa ukitolewa na serikali kila mahali. Msanii alikuwa ametangulia, na ofisi ikamfuata.

Hitilafu ya zama zetu

Sasa tufike kwenye kiini. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, wimbo wa siasa umekuwa zaidi wimbo wa kampeni. Chama chetu kimekuwa na Tanzania One Theatre ya marehemu Kapteni John Komba, na mchango wake unajulikana. Lakini mtindo umeenea wa kumkodi mwanamuziki kwa siku arobaini, kumpa majina ya wagombea ayapange katika vina, kisha kumwaga. Manju wa Shinyanga na Geita, ambao leo hupiga kinanda cha umeme na nyimbo zao husambaa kwa simu za mkononi, nao wameingizwa katika biashara hiyo.

Kumsifu kiongozi mwema si kosa. Manju wa 1958 walimsifu Mwalimu. Tofauti ni kwamba wao hawakulipwa kwa kumsifu, na kufanya hivyo kulikuwa na hatari. Sifa isiyo na gharama haina uzito, na wananchi wanalijua hilo. Hucheza wimbo, wakapokea kofia, wakaenda zao.

Hitilafu ya pili ni hofu ya kukosolewa. Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake, Wapo. Baadaye Waziri wa Habari, Dkt. Harrison Mwakyembe, alieleza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo, na msanii akaachiwa. Mwisho ulikuwa mwema, lakini fundisho ni zito: haki ya wimbo isitegemee kama kiongozi mmoja ameupenda au hakuupenda. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani kiburi na ubabe wa viongozi kwa wananchi. Kiongozi asiyeweza kuvumilia wimbo hataweza kuvumilia mkutano.

Katika ukanda wa dhahabu jambo hili si nadharia. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa, na machungu yake hayajasahauliwa Kahama. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, yalianza pia maswali ya ardhi, fidia, maji na ajira. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria za kulinda utajiri wa asili wa nchi, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini sheria husomwa na wachache. Mchimbaji anayeshuka katika duara, mama anayeosha mchanga mwaloni kwa zebaki, kijana wa kwenye karasha, hao wote huisikia siasa kwanza katika wimbo. Manju akiwaimbia vumbi na fidia, kada afanye nini? Amwite mchochezi, au achukue kalamu aandike yanayosemwa?

Vilevile mwanaharakati wa kweli hamkosoi mkubwa tu. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa mikoa ya Ziwa, Geita na Shinyanga zikiwamo, hasa tangu mwaka 2007, yalitendwa na watu wa kwetu kwa imani za kwetu. Kuyaimba hayo ni kazi ngumu kuliko kumwimba beberu, kwa maana mwenye hatia huenda yumo katika duara la wachezaji. Manju anayethubutu apewe ulinzi wa Chama kabla ya kupewa kofia yake.

Kazi ya kada

Kwanza, kada ajue nyimbo za mahali pake kama anavyojua idadi ya mashina yake. Wimbo unaoimbwa kijijini ni taarifa ambayo haikupitia kwa mtendaji yeyote.

Pili, vyama vya ngoma na bendi viimarishwe kama vyama vya watu wenyewe. Visigeuzwe kuwa vibarua vya msimu wa uchaguzi.

Tatu, ukosoaji uliomo katika wimbo ujibiwe kwa vitendo, na ukiwa na makosa ujibiwe kwa hoja. Polisi si hoja.

Nne, wanafunzi wa vyuo waende Shinyanga na Geita wakajifunze kwa manju waliobaki. Nyimbo nyingi za wakati wa kudai uhuru zimo vichwani mwa wazee, na kila mwaka unaopita hatuna budi kuzika baadhi yake.

Mkoloni aliwahi kuifungia TANU Usukumani, lakini hakuweza kuufungia wimbo. Chama kilichobebwa na wimbo ule hakiwezi kuuogopa leo. Kikitaka kujua kama bado kiko na watu, kiende uwanjani baada ya mavuno, kitazame umati unaelekea upande gani.