Hoteli ndogo mu muji wa zamani wa Ujerumani: chumba kwanza, tikiti nyuma

Kila mwaka wakati matangazo ya mafunzo na mikutano inaanza kutoka, kuko wamoja kati yetu wenye wanapata barua ya mwaliko kutoka Ujerumani. Nyumba nzima inafurahi. Mama anaita majirani, mujomba anaahidi kusaidia tikiti. Kiisha inafika swali yenye hakuna profesa alitufundisha: utalala wapi, na utaonyesha namna gani kama kweli utalala kule? Mara mingi mwenye kukualika analipa siku za kazi tu. Zile siku mbili ama tatu za mbele na za nyuma ni juu yako.

Mimi nilipitisha usiku 4 mu hoteli moja ndogo ya muji wa Bamberg, nyuma ya mafunzo juu ya mbegu za mboga. Nilizilipa mwenyewe. Tangu nirudie, mafinalisti wengi wananiuliza namna ya kupanga vile. Nitaeleza hapa hatua kwa hatua, juu kosa ndogo ya karatasi inaweza kukula feza ya jamaa yote.

Kwanza, juu ya nini Bamberg? Ni muji wa jimbo la Bavaria, wenye watu karibu 80 000, pembeni ya muto Regnitz. Tangu 1993 muji wake wa zamani uko kwenye liste ya UNESCO. Watu wanaenda kule kuona kanisa kubwa la minara mine, na ile nyumba ya zamani ya meya yenye ilijengwa katikati ya muto, juu ya daraja. Lakini kwa mutu wa agronomia, kuko sababu ingine. Sehemu moja ya huo muji wa zamani wanaiita Gärtnerstadt, ni kusema muji wa watu wa bustani. Nyumba zimepangana kwa barabara, kila moja na mulango mupana wa kupitisha gari la mavuno, na nyuma ya nyumba kuko mashamba ya mboga, katikati ya muji kabisa. Jamaa za pale zimelima vitunguu, mbegu na liquorice kwa karne mingi. UNESCO haikulinda makanisa tu. Ililinda na hayo mashamba.

Sasa tuingie mu hoteli.

Mu miji kama hiyo, hoteli ndogo si hoteli kubwa yenye walipunguza. Ni kitu ya namna ingine. Utaona majina kama Pension, Gasthof ao Hotel garni. Pension ni nyumba ya vyumba vichache, mara mingi ya jamaa moja. Gasthof iko na restora chini na vyumba juu. Hotel garni inatoa chakula cha asubui tu. Nyumba yenyewe inaweza kuwa na miaka mia mbili ama tatu, na sheria inalinda majengo ya zamani: mwenye nyumba hawezi kuvunja ukuta ovyo ili aweke asanseri. Kwa hiyo ngazi ni nyembamba na vyumba havina ukubwa mumoja. Kama muko na muzigo wa kilo 23, ama magoti ya ugonjwa, uliza chumba cha chini mapema.

Soma vizuri maneno ya tangazo. Einzelzimmer ni chumba cha mutu mumoja. Frühstück inbegriffen ni kusema bei inaingiza chakula cha asubui, na hiyo ni faida kubwa: kule asubui wanaweka mikate, jibini, nyama, mayai, na mutu anaweza kutembea mupaka mangaribi bila njaa kali. Etagendusche ni kusema bafu iko inje ya chumba, munaitumia pamoja na wageni wa vyumba vingine. Si aibu, na bei inashuka. Ruhetag ni siku ya kupumzika: ile siku restora imefungwa, na mara ingine hata biro ya kupokea wageni.

Tuje ku karatasi, juu hapa ndipo watu wanaumia.

Kwa viza ya siku fupi, yenye haipite siku 90 mu kipindi cha siku 180, unaomba ku inchi yenye utakaa siku mingi zaidi. Kama utakaa siku 6 Ujerumani na 2 Ubelgiji, unaomba ya Ujerumani. Dosie inaweza kuingia miezi 6 mbele ya safari, na isikawie kupita siku 15 mbele. Pasipoti inapaswa kudumu hata miezi 3 nyuma ya siku ya kutoka kule, iwe na kurasa 2 zenye haziandikwe kitu, na iwe ilitolewa mu miaka 10 yenye kupita. Asiransi ya safari inapaswa kufunika gharama za matunzo mupaka euro 30 000, kwa siku zote na kwa inchi zote za Schengen. Bei ya viza kwa mutu mukubwa ni euro 90 tangu Juni 2024, na hawairudishe hata wakikataa. Kwetu watu wa Lubumbashi, ongeza ndege ya kwenda Kinshasa, kulala kule, na kurudi. Mbele ya kununua hiyo tikiti, angalia ku site ya ambasadi ni biro gani inapokea dosie na namna ya kukamata randevu.

Na kati ya hizo karatasi zote, kuko ushuhuda wa mahali pa kulala. Wengi wanaichukua kama kitu kidogo. Ku masoko yetu kuko watu wenye wanauza rezervasio za kutengeneza, kwa dola chache, na jina ya hoteli ya kweli. Kijana mumoja mwenye tulisoma naye alinunua moja. Jina ya hoteli ilikuwa ya kweli, lakini ku hoteli hakuna mutu alimujua. Alikatawa. Jibu la kukataa linaandikwa mu chombo cha pamoja cha inchi za Schengen, na linakaa mule miaka 5. Zaidi ya hiyo, tangu tarehe 1 Julai 2025, Ujerumani iliondoa ile njia ya kuandikia ambasadi ili ifikirie tena jibu lake. Inabakia kuomba upya na kulipa upya, ao kwenda mahakamani mu Berlin. Nani kati yetu iko na feza ya avoka wa Berlin?

Hapa ndipo hoteli ndogo inakuwa rafiki yako. Ku hoteli kubwa unaongea na mashine: inaomba karte ya banki, inakata feza, inakwisha. Ku hoteli ndogo, barua yako inasomwa na mutu mwenye atakufungulia mulango. Unaweza kumuelezea hali yako ya kweli. Kiingereza chepesi kinatosha. Kama unajua mistari miwili ya Kijerumani, ni heshima. Barua yangu ilikuwa fupi namna hii: Mimi ni fulani, kutoka Lubumbashi mu Kongo. Ninakuja kwa mafunzo, na nyuma yake ninapenda kulala kwenu usiku 4, kuingia tarehe fulani, kutoka tarehe fulani, mutu mumoja. Ninaomba viza kwanza. Je, munaweza kunilindia chumba, na kunitumia barua yenye jina langu kama linavyoandikwa mu pasipoti, tarehe, bei na anwani yenu? Na kama viza inakataliwa, ninaweza kufuta bila kulipa mupaka siku gani?

Hiyo swali ya mwisho usiiache. Mu Ujerumani, ukisha kukubali chumba na wao wakakubali, ni mapatano ya kisheria. Kama haukufika na haukufuta, wanaweza kukudai sehemu kubwa ya bei, hata kama ulikuwa kitandani kwako Kenya ama Kamalondo. Kwa hiyo tarehe ya kufuta inapaswa kuandikwa, na inapaswa kuwa nyuma ya siku yenye unangojea jibu la viza. Jibu linatoka kwa kawaida mu siku 15, lakini sheria inaruhusu mupaka 45. Hesabu na 45.

Mu agronomia tunajua kama kalenda ya kupanda inaanzia ku siku ya mavuno: unarudi nyuma mupaka unafika ku siku ya kutia mbegu. Fanya sawa vile. Siku ya kulala Bamberg ni mavuno. Toa siku 45 za viza, toa wiki za kungoja randevu, toa siku za kutafuta karatasi, ndipo utajua siku ya kuandikia hoteli. Kiisha pima kama tarehe zinapatana: mwaliko, hoteli, asiransi, tikiti ya ndege. Kama asiransi inakwisha tarehe 14 na hoteli inakwisha tarehe 15, huo usiku mumoja unaweza kuangusha dosie yote. Na tikiti ya ndege, shika nafasi kwanza. Kulipa yote kungojee viza, kama ambasadi haiombe vingine.

Angalia na kalenda ya muji. Mu mwezi wa Agosti, karibu na mwisho wake, Bamberg iko na sikukuu kubwa yenye wanaita Sandkerwa, na mu Desemba kuko soko ya Noeli. Siku hizo vyumba vinajaa na bei inapanda. Kwa jambo moja Bavaria inatusaidia: tangu 2023 sheria ya jimbo inakataza miji kukata kodi ya kila usiku, yenye miji mingi ya Ujerumani inaomba juu ya bei ya chumba. Ukienda muji wa jimbo lingine, uliza kama hiyo kodi iko na ni ngapi.

Siku ya kufika nayo inapangwa. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt mupaka Bamberg ni treni, karibu masaa matatu, mara mingi kwa kubadilisha Würzburg. Tikiti ya treni ya bei ya chini inafungwa na treni moja tu. Kama ndege ikichelewa, imepotea. Kwa siku ya kutoka ku ndege, afadhali tikiti yenye inakubali treni yoyote. Hoteli ndogo inapokea wageni kuanzia saa 14 ao 15, na biro inaweza kufungwa mangaribi. Kama utachelewa, andika mbele: watakuachia funguo mu kisanduku cha ukutani na watakutumia namba za kuifungua. Kama ndege inakufikisha asubui, omba waweke muzigo wako wakati unangojea chumba. Ukipenda kupiga simu, kumbuka: wakati wa joto kwao, saa ni sawa na ya Lubumbashi, wakati wa baridi, wao wako nyuma saa moja.

Ukifika, watakupatia karatasi ya kujaza: jina, inchi, namba ya pasipoti. Usiwaze kama wanakushuku. Tangu Januari 2025 Wajerumani wenyewe hawaijaze tena, lakini wageni wa inchi zingine bado, ni sheria. Beba feza taslimu ya euro, juu hoteli ndogo zingine hazikamate karte ya inchi ya mbali. Siku ya Yenga maduka inafungwa karibu yote. Nunua maji na mukate siku ya posho. Kuanzia saa 22 ni saa ya kimya: simu ya sauti kubwa na mama wa Lubumbashi inaweza kuamsha nyumba nzima, juu mbao za zamani zinapitisha kila neno.

Kama haya yote inaonekana mazito kwa usiku 4 tu, niambie faida yangu. Ku meza ya asubui, mwenye hoteli aliniuliza ninasomea nini. Nilipomujibu, alinionyesha kwa kidole njia ya kufika ku museo ya watu wa bustani. Mule niliona vyombo vyenye bibi yangu angetambua: jembe, kapu, kichujio cha mbegu. Na inje niliona mashamba yenye muji haukuyakata viwanja. Tangu hapo, kila mara ninapopita bustani za mboga za pembeni ya muto Kafubu, ninajiuliza nani mu muji wetu ataandika karatasi ya kuzilinda, mbele viwanja havijazimaliza.

Kwa hiyo, mwenye iko na mwaliko mukononi, usiku wa leo asianze na bei ya ndege. Achague hoteli tatu ndogo, aandikie kila moja ile barua fupi, na aulize siku ya mwisho ya kufuta. Jibu la kwanza la kweli lenye litarudi, na jina lake limeandikwa sawa na mu pasipoti, ndilo jiwe la kwanza la dosie.