Saa za Kiswahili Zastahili Nafasi Katika Tarakilishi

Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha alikosa mtihani kwa sababu ya tarakimu moja. Tangazo ubaoni lilisema "Saa 2.00". Yeye, mzawa wa Meru aliyelelewa kuhesabu saa tangu jua lichomozapo, alifika saa mbili asubuhi, akakuta chumba kitupu, akaenda zake. Mtihani ulifanywa saa nane mchana. Aliyeandika tangazo alikuwa amenakili saa ya tarakilishi bila kuitafsiri.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la mwandishi. Ni kweli, lakini chombo nacho kina sehemu yake. Programu za saa, hata zile ndogo zinazoonyesha tarakimu tupu katika dirisha la amri, aghalabu humpa mtumiaji njia mbili tu: saa 12 za Kizungu au saa 24. Hesabu yetu haimo.

Na hesabu hii si ushamba. Mstari wa ikweta hukata barabara ya Embu kwenda Meru baina ya Nkubu na mji wa Meru. Hapo, mwaka mzima, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 40 hivi. Ndiyo maana saa moja huifuata alfajiri. Waethiopia nao huhesabu vivyo hivyo.

Wajanja wana hila: huirudisha nyuma saa ya chombo kwa saa sita, kana kwamba wanaishi Brasilia. Tarakimu hulingana, lakini barua hupigwa muhuri wa ugenini, na kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri tarehe hubaki ya jana.

Napendekeza njia ya tatu. Wakati unaohifadhiwa usiguswe. Yabadilike maonyesho tu. Saa ya Kizungu iongezwe sita, na jumla ikizidi 12, zitolewe 12. Kisha lifuate neno la wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, bila hilo saa mbili mbili zitachanganyika.

Kwa mwanafunzi wa tarakilishi, hilo ni zoezi la mistari michache. Kazi ngumu ni yetu walimu wa lugha: kukubaliana alfajiri inakoma wapi, na mchana unaanza lini. Tusipoamua sisi, hapana budi ataamua mwingine asiyeisema lugha hii.