Mpanda Baiskeli Naye Ni Dereva

Kila tunapokutana na mazungumzo yakaangukia hatari za barabara za Johannesburg, lawama huiendea teksi moja kwa moja. Nani asiyeyajua magari hayo ya abiria, ambayo mtu wa Dar es Salaam angeyaita daladala na mtu wa Nairobi matatu? Husimama yapendapo, huondoka yapendapo, na taa nyekundu kwao ni kama pambo la barabara. Lawama hizo hatuzipingi. Hata hivyo, katika toleo hili tumependa kuiacha teksi kando kidogo, tukitazame chombo kilichoegemezwa ukutani katika korido za majumba yetu ya Yeoville, Berea, Hillbrow na Mayfair, yaani baiskeli.

Mlinzi anayetoka lindoni alfajiri kabla teksi ya kwanza haijajaa huipanda. Kijana anayepeleka vyakula na vifurushi huipanda, na mama auzaye maandazi humnunulia mwanawe iliyotumika ili aokoe nauli ya shule. Nasi twafurahi, maana ni chombo cha mtu mwenye kipato kidogo na akili nyingi. Lakini hebu simama dakika kumi tu, jioni ya Ijumaa, katika mtaa wa Rockey karibu na soko, uhesabu ni wapanda baiskeli wangapi wanaosimama wakati mtu yumo kivukoni. Vidole vya mkono mmoja vitakutosha, na vingine vitabaki.

Wengi wetu tunadhani kwamba sheria za barabara ni za wenye magari, kwa kuwa baiskeli haihitaji leseni wala namba. Sivyo. Sheria ya Taifa ya Usafiri Barabarani, Namba 93 ya mwaka 1996, inapoeleza maana ya neno dereva, inamtia ndani pia mtu yeyote apandaye baiskeli. Kwa hiyo kila wajibu alio nao dereva wa basi mbele ya kivuko, kijana wako anao vilevile. Kanuni za mwaka 2000 zinamtaka dereva apunguze mwendo, na ikibidi asimame kabisa, kumpisha mtu anayevuka ndani ya kivuko akiwa katika nusu ya barabara anayopita dereva huyo, au akiwa ameikaribia nusu hiyo kiasi cha kuwa hatarini. Tena, gari likisimama kumpisha mvukaji, anayekuja nyuma yake haruhusiwi kulipita.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo tunayoivunja kuliko zote. Teksi imesimama, maana miujiza hutokea, na mama na mtoto wanavuka mbele yake. Mara baiskeli inachomoka kwa kushoto, katika upenyo uliopo kati ya teksi na ukingo wa barabara. Mama hakuiona kwa sababu teksi imemziba macho, na mpanda baiskeli hakumwona mama kwa sababu hiyo hiyo. Kila mmoja atasema baadaye kwamba mwenzake alitokea ghafla, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Tupige hesabu kidogo. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao kijana mzima huuona ni wa polepole, ni kama mita tano na nusu kila sekunde. Mtu mzima anayetembea kwa kawaida huhitaji sekunde mbili na nusu kuvuka safu moja ya magari yenye upana wa mita tatu na nusu. Katika muda huo baiskeli imekwenda mita 14. Kijana akichukua sekunde moja kutambua kwamba kuna mtu mbele yake, baiskeli imekwisha kula zile mita tano na nusu kabla ya mkono kubana breki. Sasa mweke kijana huyo huyo katika mteremko wa kutoka Hillbrow kwenda Joubert Park, mwendo ufike kilomita 40. Mwendo umezidi mara mbili, lakini umbali wa kusimama baada ya breki kushikwa huzidi mara nne. Na kati ya Oktoba na Machi, mvua za radi za alasiri zikinyesha, vile vipande vya mpira vinavyobana ukingo wa gurudumu hupoteza nguvu nyingi kwa kulowa. Haya yote hutokea kimya kimya. Gari hutangulizwa na ngurumo yake, na masikio ya mtu wa mjini yamezoea kuvuka kwa kusikiliza. Baiskeli haina ngurumo. Mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu hana habari nayo mpaka imfikie.

Labda utasema: kwa nini asipige kengele? Hapa tunafikia jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha tatizo letu sisi tuliotoka mbali. Huko tulikokulia, kengele ya baiskeli ni amri. Ikilia, watu hujibanza kando, na mpandaji hupita bila kugusa breki. Ndugu zetu wa Goma wanalijua vizuri zaidi chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linaloteremka kutoka vilimani na magunia ya makaa na viazi, ambalo breki yake ni kisigino cha mwenyewe kinachokandamiza kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma. Mtu mwenye akili hajiweki mbele ya chukudu literemkalo. Chombo hicho kimelisha familia nyingi, na mjini Goma kimejengewa hata sanamu, basi hatukidharau. Lakini kimetufundisha kwamba mwenye mwendo na mzigo ndiye mwenye njia, na mwenda kwa miguu ajitazame mwenyewe. Sheria ya hapa, kivukoni, imeigeuza desturi hiyo juu chini. Mwenye mwendo ndiye anayesimama. Kengele ni salamu ya kumjulisha mtu kwamba upo, haikupi haki ya kupita.

Liko na jambo la pili tulilokuja nalo katika mizigo yetu. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, kama hapa Afrika Kusini. Kongo, Rwanda na Burundi hupita kulia. Mtu aliyekulia Bukavu, Uvira au Bujumbura amejifunza tangu utotoni kutazama kushoto kwanza anaposhuka barabarani. Hapa kinachokuja kwanza kinatoka kulia. Mazoea ya mwili hayabadiliki kwa kugongewa mhuri katika pasi ya kusafiria. Ndiyo maana tunawasihi wenyeji wa jumuiya wanaopokea wageni wapya wawafundishe kuvuka siku ile ile ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha duka. Watazame kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Na wapanda baiskeli nao waache ile tabia ya kuikata njia kwa kwenda kinyume cha magari. Mitaa mingi ya katikati ya jiji ni ya njia moja. Anayevuka hutazama upande mmoja tu, kwa haki yake kabisa, na baiskeli inayotoka upande wa pili humkuta ameipa mgongo.

Twajua kwa nini vijana hukimbilia njia ya waenda kwa miguu. Barabara ya Louis Botha saa kumi na moja jioni si mahali pa mtu kuning'inia kati ya basi na teksi. Tungekuwa sisi, nasi tungeogopa. Lakini sheria imeieleza njia hiyo kuwa sehemu iliyotengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu peke yao, na wanaoitumia ni mama mwenye mtoto mgongoni, muuza mboga aliyetandaza chini, na mtoto wa miaka sita ambaye hatembei kwa mstari ulionyooka. Ukilazimika kuingia humo, shuka, ushike usukani, uisukume baiskeli. Fanya hivyo hivyo kivukoni. Mtu anayesukuma baiskeli huenda kwa mwendo wa wenzake, huonekana, na huweza kusimama kwa hatua moja. Kanuni zinadai pia mambo mengine ambayo hatutayaeleza kwa urefu. Kofia ngumu kichwani, mkono mmoja angalau kwenye usukani, kwenda kwa mstari mmoja na si wawili wawili kwa mazungumzo, kutojishikiza kwenye gari linalokwenda, na kutobeba mtu wala mzigo unaoziba macho au kumnyima mpandaji nguvu ya kukiongoza chombo. Hilo la mwisho liwafikie hasa wale wanaopakia mtungi wa gesi mbele.

Tusije tukaeleweka vibaya. Katika nchi hii watu zaidi ya 11,000 hufa barabarani kila mwaka, na karibu wanne katika kila kumi ni waendao kwa miguu. Wanaowaua ni magari. Wapanda baiskeli wenyewe ni miongoni mwa wanaouawa. Jiji nalo halijawatendea haki. Enzi za Meya Parks Tau zilichorwa njia za baiskeli, ikiwemo ile kati ya Chuo Kikuu cha Wits na Chuo Kikuu cha Johannesburg, na mwezi mzima wa Oktoba 2015 mitaa ya Sandton ilifungiwa magari ili watu waonje usafiri mwingine. Mwaka uliofuata Meya Herman Mashaba aliingia na kuusimamisha mpango huo, akisema fedha ziende kwanza kwenye mahitaji ya maskini. Kana kwamba wanaokwenda kazini kwa baiskeli ni matajiri! Lakini njia zikosekanavyo ndivyo mwenda kwa miguu na mpanda baiskeli wanavyozidi kubanwa pamoja katika nafasi ndogo iliyobaki, na kati ya hao wawili aumiaye zaidi ni asiye na gurudumu.

Je, wakigongana? Hapa tunaomba wazazi wasome kwa makini. Kwa kuwa mpanda baiskeli ni dereva, akihusika katika ajali iliyomjeruhi mtu anapaswa kusimama papo hapo, kumtazama aliyeumia na kumsaidia, kutoa jina na anwani akiulizwa, na kutoa taarifa polisi ndani ya saa 24. Kijana ambaye karatasi zake za ukimbizi zimekwisha muda, au bado anangoja miadi, silika yake ya kwanza ni kukimbia. Tunaielewa hofu hiyo. Waliokuwa hapa Mei 2008 hawahitaji kuelezwa jinsi ugomvi mdogo wa mtaani unavyoweza kugeuka kuwa swali la "huyu katoka wapi?" Lakini akikimbia, bahati mbaya iliyokuwa ya kuombana radhi na kuuguzana inakuwa kosa la jinai, na wale waliomwona wanabaki na hadithi moja tu ya kusimulia juu ya wageni. Abaki. Apige simu 10177, au 112 kwa simu ya mkononi, kuita gari la wagonjwa. Katiba ya nchi hii inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, wala haisemi raia, inasema mtu.

Fedha nazo zina habari yake. Mtu akigongwa na gari kwa uzembe wa dereva, anaweza kudai fidia kwa Mfuko wa Ajali za Barabarani. Dai lipelekwe ndani ya miaka mitatu, au miwili ikiwa gari lilikimbia na halikutambuliwa. Mwaka 2022 Mfuko huo ulitoa agizo lililomtaka mgeni athibitishe kwanza kwamba yumo nchini kihalali, na Machi 2024 Mahakama Kuu mjini Pretoria ikalibatilisha agizo hilo. Lakini Mfuko huo ni wa ajali za magari. Mtu akivunjwa nyonga na baiskeli ya kukanyagwa, hakuna mfuko. Mdaiwa ni mpandaji mwenyewe, yaani, kwa kweli, ni familia yake. Bibi aliyekuwa akiuza karanga ili alipe kodi ya chumba atakaa miezi bila kuuza, na baba wa kijana atauza televisheni na baiskeli yenyewe, na bado hazitatosha. Mara nyingi familia hizo mbili zinakaa jengo moja na kusali pamoja.

Kwa hiyo, kabla ya Jumatatu, mwambie kijana wako aigeuze baiskeli chini juu na aikague. Zungusha gurudumu, bana breki; lisipokwama mara moja, kipande cha mpira kimekwisha, na bei yake haifiki ya mkate michache. Tazama kama taa ya mbele inawaka na kama kioo chekundu cha nyuma kinarudisha mwanga, kwa kuwa majira ya baridi giza huingia kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Jambo la mwisho ni taa za barabarani, ambazo mji huu wote unaziita roboti. Yule mtu mwekundu akianza kumweka, aliyekwisha kuingia barabarani amalize kuvuka, na ambaye hajaingia asubiri. Roboti zikizimika, kwa umeme kukatika au nyaya kuibwa, makutano hayo huhesabiwa kuwa ya kusimama pande zote nne, na baiskeli nayo husimama, kisha hungoja zamu yake kama gari. Kutoa habari za roboti iliyokufa, piga simu ya jiji, 0860 562 874. Taja majina ya mitaa miwili inayokutana hapo, si jina la duka lililo jirani, halafu omba namba ya taarifa na uiandike.