Neno "double" katika mkopo: ni mara mbili ya nini?

Maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika mazungumzo yetu hapa Pwani ni mengi, na "double" ni mojawapo ya yale tuliyoyafanya yetu. Kitanda cha ghorofa tunakiita dabo deka, na aliyefanya zamu mbili mfululizo amepiga dabo. Hapo hakuna anayepotea. Shida huanza neno hilo linapokutana na pesa, kwa sababu kukosea maana yake kwaweza kumgharimu mtu nyumba.

Waingereza walilipata neno hili kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka Kilatini, "duplus". Maana yake ya msingi ni kuchukua kiasi kilichopo na kukiongezea kingine kilicho sawa nacho. Shilingi 50,000 zikiwa "double" ni 100,000. Kwa hesabu ya asilimia, hilo ni ongezeko la asilimia 100, si 200 kama wengi wanavyodhani.

Sisi tumezoea kulitafsiri kwa "mara mbili", lakini maneno hayo yana utata. Ukisikia kwamba bei ya unga imepanda mara mbili mwaka huu, huenda ilipanda Machi kwa shilingi tano, ikapanda tena Agosti kwa shilingi tano. Huenda pia ilikuwa 100 na sasa ni 200. Kiswahili kina neno lisilo na shaka hiyo, nalo ni "maradufu". Bei iliyopanda maradufu ni ile iliyofika kiasi cha awali na kingine kama hicho juu yake.

Sasa tuje kwenye mkopo. Sheria ya Benki ya Kenya ina kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007. Wanasheria hukiita kanuni ya "in duplum", maneno ya Kilatini yenye mzizi mmoja na "double". Kanuni hii huiwekea benki kikomo: mkopo ukishakwama, riba haiwezi kuongezeka hadi kupita deni la msingi.

Wengi husikia hapo kwamba benki inaweza kudai mara mbili ya pesa walizokopa. Sivyo. Swali la kuuliza ni: mara mbili ya nini? Sheria hutazama deni la msingi lililobaki siku mkopo ulipokwama, si kiasi ulichochukua mwanzo.

Tuseme ulikopa shilingi 200,000, ukalipa hadi deni la msingi likabaki 120,000, kisha biashara ikaanguka na mkopo ukakwama. Riba inayoweza kuongezwa juu yake haizidi 120,000. Jumla ni 240,000, pamoja na gharama za kufuatilia deni. Anayekuletea hesabu ya 400,000 kwa sababu ni "double" ya 200,000 amekosea mahali pa kuanzia.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, ukianza tena kulipa halafu mkopo ukakwama kwa mara ya pili, kikomo huhesabiwa upya kuanzia siku ulipokwama mwisho. Pili, kikomo hakigusi riba inayotokana na amri ya mahakama baada ya amri hiyo kutolewa. Tatu, kifungu hiki kimo ndani ya Sheria ya Benki. Usidhani kinakulinda kila unakokopa, iwe ni kwa mtu wa mtaani au kwenye simu. Muulize mkopeshaji yuko chini ya sheria gani kabla ya kutia sahihi.

Mwenye deni lililokwama asisubiri hadi dalali abandike tangazo la mnada ukutani. Aombe benki, kwa maandishi, taarifa kamili ya mkopo inayoonyesha mambo mawili: tarehe mkopo ulipohesabiwa kuwa umekwama, na deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Kisha alinganishe riba iliyoongezwa tangu hapo na deni hilo. Riba ikiwa imelipita, ana hoja ya kumpelekea wakili, naye amwone mapema, nyumba ikiwa bado ni yake.