Kuogelea Katika Maji Baridi ya Korongo: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Safari

Kiangazi cha Guangzhou ni kirefu, chenye joto na unyevu mwingi. Ndiyo sababu familia nyingi za Xiaobei, Sanyuanli na mitaa ya jirani huitumia siku ya mapumziko kwenda Conghua, Zengcheng au Qingyuan, ambako vijito hushuka milimani na kutuama katika mabwawa ya asili baina ya miamba. Matembezi hayo yana faida kwa mwili na moyo. Hata hivyo, maji ya korongo yana hatari zake, na nyingi huzuilika zikijulikana mapema.

Baridi ya ghafla

Aliyejifunza kuogelea katika bahari ya Mombasa au Unguja anapaswa kukumbuka mambo mawili. Maji ya pwani hiyo huwa ya uvuguvugu mwaka mzima, ilhali ya korongo hupita kivulini na kubaki baridi hata mchana wa jua kali. Aidha, maji ya chumvi humwelesha mtu zaidi kuliko maji ya mto.

Ngozi ikipoa ghafla, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kukusudia, kisha huhema mfululizo. Moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Hali hii huweza kuanza maji yakiwa chini ya nyuzi 25 za Selsiasi, na huwa kali zaidi baina ya nyuzi 10 na 15. Pumzi hiyo ya kwanza ikivutwa kichwa kikiwa chini ya maji, mtu huweza kuzama ingawa ni mwogeleaji hodari.

Kwa hiyo, yafaa kuingia polepole, miguu ikitangulia, baada ya kulowesha mikono, shingo na uso. Aliyetumbukia kwa bahati mbaya asipapatike. Alale chali, masikio yakiwa majini, atandaze mikono na kuelea hadi pumzi itulie, jambo ambalo kwa kawaida huchukua dakika moja au mbili. Baada ya hapo ndipo aite msaada au aogelee kwenda ukingoni. Watoto hupoteza joto upesi kuliko watu wazima. Watolewe majini kabla hawajaanza kutetemeka, na mtu mzima awe karibu nao kiasi cha kuwafikia kwa mkono.

Wasiofaa kuingia

Wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, pumu au kifafa wapate kwanza ushauri wa daktari. Wenye selimundu wajiepushe kabisa, kwani baridi ya ghafla huweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na kifua. Ugonjwa huu ni nadra miongoni mwa wenyeji wa Guangdong, hivyo mgonjwa asidhani kwamba kila daktari ataukumbuka upesi. Abebe karatasi yenye jina lake la Kichina: 镰状细胞病.

Mafuriko ya ghafla

Msimu wa mvua kubwa Guangdong huanza Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Mvua inyeshayo juu ya mlima huweza kuteremsha maji mengi bondeni hata kama mahali walipo waogeleaji pana jua. Tarehe 13 Agosti 2022, maji yalishuka ghafla katika bonde la Longcaogou, Pengzhou, mkoani Sichuan, yakawaua watu 7 waliokuwa wakiburudika kijitoni. Nchini Kenya, watu 7 walisombwa na maji na kufa katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mwezi Septemba 2019.

Guangdong hutoa tahadhari ya mvua kubwa kwa rangi tatu: njano, chungwa na nyekundu, ambayo ndiyo kali zaidi. Tahadhari yoyote ikitolewa kwa wilaya inayokusudiwa, safari iahirishwe. Aliye bondeni akiona maji yamechafuka, kina kimepanda, majani na vijiti vimeongezeka, au akisikia mngurumo, apande mara moja upande wa juu wa ukingo. Asikimbie kufuata mkondo, wala asirudi kuchukua simu au viatu.

Mavazi na mahali

Baibui, kanzu na suruali za jinzi hunywa maji, zikawa nzito na kuzuia miguu. Mwenye kutaka stara avae vazi la kuogelea linalofunika mwili, la kitambaa chepesi kisichonyonya maji. Mtu asiruke kutoka mwambani, kwa kuwa mawe ya chini hayaonekani. Mahali penye maandishi 禁止游泳, kuogelea kumekatazwa; 水深危险 maana yake ni kina kirefu, hatari.

Mtu akizama

Asiye na mafunzo ya uokoaji asijitose. Atupe kamba, chupa kubwa tupu iliyofungwa au tawi refu, na apaaze sauti: *jiùmìng* (救命), yaani "okoeni". Gari la wagonjwa huitwa kwa 120, zimamoto na uokoaji kwa 119, polisi kwa 110. Tiketi ya kuingilia ihifadhiwe, kwani jina la mahali limeandikwa humo kwa Kichina.

Aliyetolewa majini asipopumua, asining'inizwe kichwa chini ili kumwaga maji. Kufanya hivyo hupoteza muda. Apuliziwe pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua, mara 30 kwa kila pumzi 2, hadi wahudumu wafike.

Baada ya kutoka

Nguo mbichi zivuliwe, mwili ukaushwe na kufunikwa, na kinywaji cha moto kiasi kinyweke. Homa, maumivu ya kichwa na ya misuli ya miguu, au macho kuwa mekundu au ya manjano ndani ya mwezi mmoja huweza kuwa dalili za homa ya mgunda, inayotokana na maji yenye mkojo wa wanyama. Mgonjwa aende hospitali akiwa na pasipoti, na amweleze daktari kwamba aliogelea mtoni. Dawa ipo, na hufaa zaidi ikianzwa mapema.