Kwa Nini Kanisa Haliutambui Ubatizo wa Wamormoni

Tuseme kijana aliyelelewa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, anafika kwa paroko akitaka kufunga ndoa na binti Mkatoliki. Anaeleza kwamba alizamishwa majini na kubatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Je, ahesabiwe kuwa Mkristo aliyebatizwa? Waamini wengi wangejibu ndiyo, maana maji yalikuwepo na Nafsi tatu zilitajwa. Jibu la Kanisa ni hapana. Swali hili halipo mbali nasi, kwa kuwa Wamormoni wana hekalu Kinshasa tangu mwaka 2019 na Nairobi tangu 2025.

Kwa desturi Kanisa halina haraka ya kukataa ubatizo wa wengine. Katika karne ya 3, Papa Stefano wa Kwanza alikataza kuwabatiza tena watu waliobatizwa na wazushi, ingawa Mtakatifu Sipriani wa Kartago aliona vingine. Baadaye Mtakatifu Augustino, akijibizana na Wadonati, alifundisha kwamba abatizaye hasa ni Kristo, hivyo ubaya wa mhudumu hauwezi kuufuta ubatizo. Mtaguso wa Trento ulithibitisha kwamba hata mzushi hubatiza kweli, akibatiza kwa jina la Utatu Mtakatifu na kwa nia ya kutenda lile ambalo Kanisa hutenda. Ndiyo maana Mlutheri au Mwanglikana anayejiunga nasi habatizwi upya.

Kwa nini basi Wamormoni wasihesabiwe hivyohivyo? Tarehe 5 Juni 2001, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, likiongozwa na Kardinali Joseph Ratzinger, lilijibu kwamba ubatizo wao si halali. Papa Yohane Paulo II aliidhinisha jibu hilo. Padre Luis Ladaria, Mjesuiti ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Baraza hilohilo, aliandika maelezo ya sababu zake. Tatizo halikuwa maji, na maneno yao yanakaribiana sana na yetu. Tatizo ni kile ambacho maneno hayo yanamaanisha kwao.

Joseph Smith alianzisha dini hiyo katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1830, mwaka uleule alipochapisha Kitabu cha Mormoni. Alifundisha kwamba Kanisa la kweli lilipotea duniani baada ya mitume, na kwamba yeye ametumwa kulirejesha. Mwaka 1843 alifundisha kuwa Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Mwaka 1844, miezi michache kabla ya kuuawa, alihubiri kwamba Mungu aliwahi kuwa kama mwanadamu, na kwamba wanadamu nao wanaweza kukua hadi kuwa miungu. Kwa Wamormoni, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu waliotengana, walioungana kwa nia na kusudi. Sisi tunaungama, kama Mtaguso wa Nisea ulivyotamka mwaka 325, kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu, hana mwanzo, na hakuwahi kuwa kiumbe.

Watu wawili wanaweza kutaja jina moja huku kila mmoja akimfikiria mtu mwingine. Ndivyo ilivyo hapa. Frateri makini atauliza: mbona wazushi wa kale nao walikosea imani, na ubatizo wao ukapokelewa? Padre Ladaria alikubali kwamba kwa kawaida kosa la mafundisho halitoshi kubatilisha ubatizo. Lakini wazushi wale walipotoka ndani ya imani ya Kikristo, ilhali mafundisho ya Wamormoni kuhusu Mungu yana msingi mwingine kabisa. Hata ubatizo wenyewe, kwao, ulianza na Adamu. Hivyo mhudumu wao hawezi kuwa na nia ya kutenda lile ambalo Kanisa hutenda.

Matokeo yake parokiani ni makubwa. Ndoa ya yule kijana si ndoa mseto ya Wakristo wawili waliobatizwa. Ina kizuizi cha tofauti ya dini, kadiri ya Kanuni namba 1086 ya Sheria za Kanisa, na bila dispensa ya mamlaka ya Kanisa ndoa hiyo ni batili. Mmormoni anayeomba kuwa Mkatoliki hupitia ukatekumeni, kisha hubatizwa. Mkatoliki aliyehamia kwao na kubatizwa huko, akirudi, habatizwi tena, kwa sababu ubatizo wake wa kwanza haukufutika kamwe.

Jibu la Roma halimhukumu mtu yeyote kuhusu wokovu wake. Wamormoni humwita Yesu Mwokozi na hujiita Wakristo. Wengi wao huheshimu familia, hufunga na husaidia maskini. Padre Ladaria mwenyewe alikumbusha kwamba Wakatoliki na Wamormoni mara nyingi hushirikiana kwa ajili ya manufaa ya wote. Nao pia hawautambui ubatizo wetu: Mkatoliki anayejiunga nao hubatizwa upya.

Kwa hiyo tusiwadharau majirani hawa, wala tusifiche tofauti kwa kuogopa kuwaudhi. Paroko, frateri au katekista akikutana na jambo kama hili, asiishie kuuliza kama maji na maneno yalitumika. Aulize pia mtu huyo alibatizwa katika jumuiya ipi, na jumuiya hiyo inamwamini Mungu yupi. Na wazazi wanaoleta watoto kisimani wasaidiwe kuujua Utatu Mtakatifu vizuri, wapate kuelewa ni jina la nani linalotajwa juu ya watoto wao.